Swali Ambalo Sikumuuliza Ikupa

Nililitambua koti kabla sijaitambua sura.

Lilikuwa koti la kodrai la rangi ya kahawia, kola pana. Nililichagua mimi mwenyewe kwenye marundo ya mitumba sokoni Tukuyu, Jumamosi moja ya mvua. Jotham alilijaribu pale pale, mimi nikamfunga vifungo kimoja baada ya kingine, na wauzaji wakatupigia miluzi mpaka nikaona haya. Tangu siku hiyo niliona koti lile ni langu kama lilivyokuwa lake. Sasa lilikuwa limemfunika mwanamke mwingine, na mwanamke huyo alikuwa mikononi mwa Jotham, kichwa kimeegemea kifua chake.

"Safina!" Jotham aliita akiwa mlangoni, maji ya mvua yanamtiririka usoni. "Nisaidie. Huyu anaumwa."

Nilikuwa namwangalia huyo mwanamke. Hatukuwahi kusalimiana, lakini nilimjua. Miezi mitatu nyuma, dada mmoja muuza viazi alinigusa mkono, akaninong'oneza, "Unamwona yule mwenye shingo ndefu? Ndiye Ikupa wa Kisiba. Mama yake Jotham amekwisha kwenda kwao mara mbili kumposea mwanawe. Wewe endelea kulala." Kuanzia hapo sikuwa na raha tena. Jotham akichelewa, nilijiambia yuko Kisiba. Akinyamaza, nilijiambia anamuwaza yeye. Akinichekea, nilijiambia ana kitu anaficha.

Na leo alikuwa naye kweli, mbele ya macho yangu.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, mwezi wa pili. Nilikuwa muuguzi katika Hospitali ya Ilambilo, hospitali ndogo ya misheni nje ya mji. Mimi ni binti wa Kiislamu, nimezaliwa Bagamoyo, ule mtaa wetu wa Tukuyu, siyo mji wa pwani, ambako baba yangu mzee Kasim alikuwa na duka la vitenge. Jotham ni Mnyakyusa wa kanisani, aliyeacha shamba la chai la baba yake akanunua pikapu ya mtumba na kupeleka ndizi Mbeya. Tulikuwa na miaka miwili ya mapenzi. Kwao hawakunitaka, kwetu hawakumtaka, nasi tulikuwa tunangoja wao wachoke kabla yetu.

Asubuhi hiyo trekta lililobeba wachuma chai lilikuwa limeteleza kwenye tope, tela likapinduka. Tuliletewa watu kumi na mmoja kwa mkupuo. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kuwapokea. Utaratibu huo aliuleta Sista Elina, metroni wetu, mkuu wa wauguzi, aliporudi kutoka semina: mgonjwa asiingie kwa foleni wala kwa kelele zake, aingie kwa hali yake. Nesi mmoja amshike kila anayefika, ahesabu mapigo, aulize maswali, kisha amfunge utepe mkononi. Mwekundu aonwe sasa hivi. Wa njano asubiri huku akiangaliwa. Wa kijani akae benchi.

"Una macho, Safina," Sista Elina aliniambia aliponipa kazi ile. "Wengine wanamkimbilia anayepiga kelele. Wewe unamwona aliyenyamaza."

Na asubuhi hiyo niliwaona. Msimamizi wao, Andrea, alikuwa anapiga kelele damu zikimtoka kwenye paji la uso, akitaka daktari upesi. Nikambana kidonda kwa shashi, nikamfunga wa njano. Mzee mmoja aliyekaa kimya pembeni, akivuta pumzi fupi fupi kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, nikamfunga mwekundu. Mbavu zake tatu zilikuwa zimevunjika. Nilijisikia mzima, nilijisikia naijua kazi yangu. Ndipo Jotham akaingia.

"Anaumwa nini?" nikauliza.

"Tumbo. Limemshika tangu alfajiri. Kwao hawakuwa na gari, wakanifuata."

"Wakakufuata wewe."

"Safina, nina gari."

"Magari yamejaa siku hizi."

Jotham alinitazama kama hanielewi. Wachuma chai waliokuwa karibu wakatutazama pia.

"Mwache asimame," nikasema.

"Hawezi."

"Mwache asimame, Jotham. Nataka nimwone."

Alimshusha polepole, kama mtu anayetua mayai. Ikupa alisimama amejikunja, mkono mmoja chini ya kitovu, mwingine umeshika mkono wa shati la Jotham. Akainua macho, akasoma jina langu kwenye beji ya kifuani. Kisha akayashusha macho yake chini, hakuyainua tena.

"Naweza kukaa," alisema kwa sauti ndogo. "Msisumbuke."

"Unatapika? Unaharisha?"

"Nimetapika mara moja. Na bega linaniuma. Hili la kulia."

"Bega?" Nilimtazama Jotham, siyo yeye. "Labda ni vile ulivyobebwa."

Nilimshika kiwiko cha mkono. Mkono ulikuwa baridi, una jasho. Nikajiambia ni mvua. Chini ya vidole vyangu mapigo yalikuwa yanakimbia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye saa na masikio yangu kwa Jotham, aliyekuwa anamwinamia na kumwambia, "Usiogope, Ikupa. Sitaondoka." Neno hilo aliniambia mimi nilipougua malaria mwaka uliopita. Nilidhani aliliunda kwa ajili yangu. Hesabu ikanipotea. Nikaandika tisini na sita. Mpaka leo sijui niliitoa wapi.

Kuna swali moja ambalo nesi yeyote humuuliza mwanamke kijana anayeumwa tumbo. Siku zako uliziona lini mara ya mwisho? Nimeliuliza mara elfu. Siku hiyo lilifika ulimini, nikaliona jibu linakuja: miezi miwili, na Jotham amesimama pale ameinamisha kichwa. Nilijua kwamba nikilisikia jibu hilo nitaanguka mimi kabla ya mgonjwa.

Nikalimeza. Nikachukua utepe wa kijani.

"Kijani?" Jotham akashtuka. "Si uliniambia kijani ni cha wenye mafua?"

"Nesi ni nani hapa?"

"Ni wewe, lakini..."

"Basi kaondoe gari lako mlangoni. Linazuia wagonjwa."

Akaenda. Ikupa akajikokota mpaka benchi la mwisho, karibu na ukuta, akajifunika lile koti mpaka kidevuni. Nilimpa mgongo. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

* * *

"Dada Safina! Njoo! Yule wa benchi!"

Aliyeita ni Agness, mhudumu wetu. Nilipogeuka, Ikupa alikuwa ameteleza sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu. Nilipiga magoti. Nilimfunua ukope wa chini, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Mapigo mia moja na arobaini, membamba kama uzi. Presha haikusikika. Tumbo limekuwa gumu. Na lile bega! Damu inayomwagika tumboni humchoma mtu begani. Tulifundishwa hivyo. Niliandika kwenye daftari langu la chuo na kupigia mstari. Mimi nilikuwa nimemjibu kwamba ni vile alivyobebwa.

"Agness, mwite Dokta Ambindwile. Mwambie thieta, sasa hivi. Kimbia!"

Nilimtundikia dripu mkono huu, nikamtundikia nyingine mkono ule. Kisha nikainama sikioni pake.

"Ikupa, nisikilize. Siku zako uliziona lini?"

Midomo ilicheza. "Kabla ya Krismasi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika thelathini na tano.

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, imepasuka. Dokta alihitaji damu, na ndugu wa karibu alikuwa Kisiba. Jotham alirudi kutoka kwenye gari, akaambiwa, akakunja shati bila kuuliza swali. Wakampima, ikafaa. Nilimwona amelala kwenye kitanda cha maabara, uso ameuelekeza darini, ngumi inafunga na kufungua.

Ni mimi niliyeitundika chupa ile ya damu kule thieta, chumba cha upasuaji. Damu ya Jotham, bado ina joto lake, ikashuka tone baada ya tone kwenye mshipa wa Ikupa. Mungu anisamehe. Mgonjwa yuko katikati ya kufa na kupona kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu wa damu.

Saa sita Dokta Ambindwile alitoka akivua glovu.

"Ameponea chupuchupu. Robo saa nyingine tungekuwa tunaita mchungaji." Akanipiga piga begani. "Umefanya vizuri, Safina. Ulishtuka mapema."

Agness alisikia. Wachuma chai wakasikia. Kufikia jioni kila mtu pale Ilambilo alikuwa anasema nimemwokoa binti wa mzee wa kanisa wa Kisiba.

* * *

Jotham alinikuta nyuma ya jengo la kufulia, chini ya paa, mvua inapiga bati. Alikuwa na pamba iliyofungwa kwenye mkono. Nilipaswa kumuuliza kama ana kizunguzungu. Nilipaswa kumpa chai.

"Ilikuwa mimba," nikasema.

"Punguza sauti."

"Kumbe unajua! Ni yako?"

Alibana kwanza ile pamba mkononi, na kabla hajainua macho nilikufa mara tatu.

"Siyo yangu, Safina."

"Ya nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Lakini unamjua."

"Aliniambia njiani, alipodhani anakufa. Akalia, akaniapisha nisimwambie mtu. Siyo siri yangu hiyo."

"Ulijua ana mimba, ukaniletea mgonjwa, ukanyamaza mlangoni?"

Hapo alitazama chini. "Aliniomba nisiseme kwako. Kwako hasa."

"Kwa nini kwangu hasa? Anajua kitu gani nisichokijua?"

"Sasa unataka kugombana tu."

"Mwanamume hambebi mwanamke hivyo kama hana lake!"

"Ningemwacha barabarani kwa sababu mimba siyo yangu?"

"Ulimvalisha koti langu!"

"Alikuwa anatetemeka!"

"Ungemvalisha gunia!"

Agness alitokeza kichwa dirishani, akakirudisha. Jotham alishusha pumzi, akazungumza polepole, na upole huo uliniumiza kuliko kelele.

"Siku ya Krismasi mama alinipeleka kwao Ikupa. Nyumba imejaa wazee, kuku wamechinjwa. Nikasimama nikasema nina mtu wangu mjini, anaitwa Safina, simwachi. Mama hakula chakula siku ile. Baba hajanisemesha mpaka leo. Nifanye nini tena ndipo uniamini?"

"Niambie mimba ya nani."

"Hapana."

"Basi nenda kamwangalie mgonjwa wako."

Akaondoka kwenye mvua bila koti.

* * *

Asubuhi iliyofuata Sista Elina aliniita ofisini. Kitabu cha mapokezi kilikuwa wazi mezani.

"Saa tatu na dakika kumi, kijani, mapigo tisini na sita," alisoma. "Saa tatu na dakika thelathini na tano, mia na arobaini, presha hakuna. Safina, hii tisini na sita uliipata wapi?"

Ningeweza kusema ilibadilika ghafla. Hutokea. Angeniamini, au angejifanya kuniamini.

"Sikuihesabu," nikasema. "Niliiandika tu. Na sikumuuliza siku zake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuja na Jotham."

Sista Elina alikuwa mwanamke wa maneno machache, mjane, aliyezalisha nusu ya watoto wa wilaya. Alifunga kitabu taratibu.

"Yule hakuja na Jotham. Alikuja na maumivu yake. Jotham alikuwa dereva." Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. "Wagonjwa kumi na mmoja uliwapanga vizuri, yule wa kumi na mbili ukamkosea. Nisikilize. Siku moyo wako ukishamhukumu mtu kabla hujamgusa, usimguse. Mwite mwenzako. Niite hata mimi, nikiwa nakula, nikiwa nasali. Hakuna atakayekucheka."

"Nimekuelewa, Sista."

"Na Ijumaa ya wiki ijayo kwenye mkutano utawaeleza wauguzi wote, kwa mdomo wako. Sitaki uaibike, nataka wao wasikosee hapo ulipokosea wewe. Mapokezi utarudi nitakapokuita. Kwa sasa uko wodini. Ikupa ni wako mpaka atakapotoka."

"Sista, yule hatanitaka."

"Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza siku ile, wala siku iliyofuata. Nilimpima joto, nilimbadilishia bandeji, nilimfuta uso, na hatukuzungumza zaidi ya "geuka" na "asante". Na bado, nikimchana zile nywele zake ndefu, nilikuwa najiuliza kama Jotham aliwahi kuzishika. Wivu ni ugonjwa usio na aibu.

Siku ya tatu nilimletea uji. Nikaweka kikombe mezani, nikakaa.

"Ikupa, lazima nikwambie. Ile siku nilikuweka benchi kwa wivu. Ulikuwa wa kuonwa kwanza. Dakika ishirini na tano zile ni zangu. Ungekufa, ningekuwa nimekuua mimi."

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa mzuri hata akiwa hana damu mwilini.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilisoma jina lako kifuani. Nikasema, ndiye huyu. Nikimwambia nina mimba atadhani ni ya Jotham, hatanigusa. Nikanyamaza. Na Jotham nilikuwa nimeshamwapisha njiani anyamaze." Akajaribu kucheka, akashika mshono. "Tungekufa wawili, dada. Mimi kwa tumbo, wewe kwa polisi."

"Samahani, Ikupa."

"Nilimtaka, nisikufiche," alisema, macho yakiwa dirishani. "Nilishachagua hata kitambaa cha gauni. Siku ile ya Krismasi nilikuwa jikoni, nikamsikia anavyolitaja jina lako mbele ya wazee. Nilikuchukia kabla sijakuona. Halafu Januari akaja mwingine akanibembeleza, nami nilikuwa na machungu, nikabembelezeka. Ana mke wake Kyela. Hayo yanatosha. Jotham hajawahi kunishika hata mkono, mpaka siku aliyokuja kunibeba."

Nilikishika kikombe cha uji, nikakirudisha mezani.

"Na lile koti," akaongeza, "lilikuwa linanukia udi. Nikajifunika harufu yako njia nzima."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Nikampa uji, akanywa wote.

* * *

Jumapili, baada ya ibada, mlango wa wodi ulifunguliwa akaingia mwanamke wa makamo, kitenge kipya, viatu vina tope. Nyuma yake Jotham amebeba beseni la ndizi zilizopikwa na maziwa ya mgando. Macho yetu yalikutana, akayaondoa.

"Wewe ndiye Safina?" mama yake akauliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Malahaba, mwanangu. Ndaga fijo." Alinishika mikono yote miwili, akinishukuru kwa Kinyakyusa. Mikono yake ilikuwa migumu ya mchuma chai. "Ndaga fijo. Daktali amenieleza yote. Tumbo la mtoto wa lafiki yangu lilikuwa limejaa damu, wewe ukamwona, ukakimbia. Mimi nilikuwa nakukataa bila kukujua. Nilisema Mswahili wa mjini atamjulia nini mwanangu. Nimekosa. Nimemwambia baba yake, mwezi ujao tunakwenda kwenu, tukae na mzee Kasim, tuseme."

Nyuma yake nilimwona Jotham anageuka. Uso wake, uliokuwa umefungwa siku nne nzima, ulianza kufunguka. Miaka miwili nilikuwa nimeomba maneno yale, kwenye mkeka wangu wa sala, kila alfajiri. Yalikuwa yameletwa, yamewekwa mikononi mwangu. Nilichotakiwa kusema ni asante, mama.

Nilimtazama Ikupa kitandani. Alijua nawaza nini. Akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Usiseme. Alikuwa ananipa.

"Mama," nikasema, "siyo hivyo."

"Siyo hivyo nini?"

"Sikumwokoa. Alipofika nilimwacha. Nilimweka benchi la mwisho, sikumpima vizuri, sikumuuliza maswali yake. Alikaa pale dakika ishirini na tano damu ikimwagika. Ni Agness aliyemwona ameanguka, siyo mimi."

Mikono yake ililegea kwenye mikono yangu, lakini haikuachia.

"Kwa nini ulimwacha?"

"Kwa sababu ya Jotham. Nilimwona amembeba."

"Angekufa?"

"Angekufa, mama."

Sasa akaniachia. Akaenda kukaa kwenye kitanda cha Ikupa, akamshika mguu juu ya blanketi, akamwambia kitu cha Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Ikupa akamjibu kwa kirefu. Sikuyapata maneno, nilisikia jina langu mara mbili. Jotham aliliweka beseni chini kama mtu asiye na nguvu. Alinitazama. Hakuwa mwenye hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtafuta mtu anayemfahamu katika uso wa mgeni.

"Uliniambia niondoe gari," alisema. "Nami nikaenda kuliondoa."

Akatoka.

Jumatano Ikupa aliruhusiwa. Nilimsindikiza mimi mpaka kwenye pikapu, nikampandisha kiti cha mbele, karibu na Jotham, nikafunga mlango kwa mkono wangu. Mama yake Jotham aliitikia salamu yangu, basi. Gari likashuka kilima. Nilisimama pale mpaka Agness akaja kunivuta.

* * *

Zilipita siku kumi na mbili bila Jotham. Ijumaa ya mkutano nilisimama mbele ya wenzangu nikasema yote, na nilipomaliza manesi wawili walikuja mmoja mmoja kunieleza ya kwao, ambayo hawakuwahi kumwambia mtu. Wiki iliyofuata Sista Elina alinirudisha mlangoni.

Alikuja Jumanne mchana, mvua imekatika, mlima Rungwe umejitokeza wote. Niliinua macho kutoka kwenye kitabu, nikamwona amesimama upande wa pili wa meza. Amekonda.

"Unaumwa?" nikauliza, maana sikujua nimuulize nini.

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Njiani. Nimekwenda Mbeya mara sita. Nilitaka barabara inichoshe nisiwaze."

"Ikakuchosha?"

"Haikunichosha."

Agness, ambaye hajawahi kuwa na adabu ya kuondoka, aliendelea kudeki mahali ambapo pameshatakata.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Zamani alikuwa anajua kwamba hakutaki. Sasa anasema hajui." Jotham alijikuna kidevu. "Jana kaniambia, yule binti angenyamaza tu, akala ndizi zangu, nikamposa. Amelirudia hilo mara tatu. Linamsumbua."

"Na wewe?"

"Mimi nimekasirika, Safina. Nikifumba macho namwona Ikupa pale benchi, nami nimekalia usukani natafuta pa kuegesha. Nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia mimi, maana nilijua nikanyamaza."

"Una haki."

"Najua nina haki. Lakini nimejaribu kukukasirikia nikiwa mbali, nimeshindwa. Nimekuja nikukasirikie nikiwa karibu, mpaka hasira ziishe."

Moyo wangu ulikuwa unapiga kiasi kwamba ningejipima ningejifunga utepe mwekundu. Lakini mimi ni mimi, na ulimi wangu haukuweza kutulia.

"Ikupa hajambo?"

"Hajambo. Mama anampelekea maziwa kila siku ya pili."

"Na nani anampeleka mama?"

Jotham alinikazia macho. Nikainua mikono miwili.

"Nimeuliza tu! Unayemkasirikia ndiye huyu, mwenyewe umekuja."

Pembe ya mdomo wake ilicheza, akaibana isicheke. Mzee mmoja alikuwa ameingia mlangoni, ameshika kifua, na nilikuwa tayari nimenyanyuka.

"Zamu yangu inaisha saa kumi," nikamwambia Jotham nikimpita.

Akakaa, uso bado ameukunja, akaningoja.